Pikipiki, milima na hifadhi: maandalizi ya anayesafiri peke yake

Wanaosafiri kwa kundi huinuana wakianguka na kuazimana pampu. Wewe uendaye peke yako, kila unachobeba na kila njia unayochagua ipime kwa swali moja: nikikwama hapa, mikono yangu miwili itatosha?

Anza na uzito. Funga mizigo yote, jaza tenki, kisha ilaze pikipiki taratibu kwenye nyasi na uinyanyue. Zima injini, funga koki ya mafuta kama ipo, na ingiza gia ya kwanza ili gurudumu la nyuma lisibingirike. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa kwanza stendi ya pembeni, la sivyo utaisimamisha tu ikaangukie upande wa pili. Kunja usukani mpaka mwisho ili mshikio wa chini usogee karibu na tenki. Geuka, egemeza makalio kwenye kiti, shika mshikio kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha sukuma kwa miguu ukirudi nyuma kwa hatua fupi. Mgongo ubaki wima. Ikikushinda ukiwa umeshiba na umepumzika, mlimani itakushinda zaidi, kwa hiyo punguza mizigo mpaka uiweze.

Vitu vizito, yaani spana, tyubu na maji, vikae chini na karibu na katikati ya pikipiki. Nguo na hema ndivyo vya kuweka nyuma. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani huanza kutikisika kasi inapopanda. Ukishapakia, kaza springi za nyuma, shusha mwanga wa taa ya mbele, na jaza upepo wa kubebea mzigo kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Linapopata joto upepo hupanda, na hiyo si sababu ya kuupunguza.

Cheni nayo pima mzigo ukiwa juu, kwa sababu shokapu zikibonyea ulegevu wake hubadilika. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka ulegevu wa milimita 25 hadi 35. Zenye shokapu ndefu hutaka zaidi. Cheni iliyokazwa mno ni mbaya kuliko iliyolegea kidogo: kila shimo huivuta, na beringi ya shafti ya sproketi ya mbele ndiyo inayolipa. Isafishe kwa mafuta ya taa, kwani petroli huharibu mipira midogo iliyo ndani ya viungo. Paka oili jioni cheni ikiwa bado na joto, kila kilomita 500 hivi na kila baada ya mvua.

Pancha ndiyo hitilafu ya kujizoeza nyumbani. Beba tyubu ya kila gurudumu, viraka na gundi, liva tatu fupi (vyuma vya kubandulia tairi), pampu, na spana ya ekseli zote mbili. Toa sindano ya vali, kisha kanyaga kingo za tairi pande zote zishuke kwenye bonde la katikati ya rimu. Hapo ndipo ulegevu unapopatikana, na asiyefanya hivyo hupigana na tairi mpaka avunje liva. Fungua kwa hatua ndogo ndogo. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, maana mwiba uliobaki utaitoboa tena baada ya kilomita chache. Ijaze tyubu upepo kidogo tu ili isijikunje. Anza kurudisha tairi upande ulio mkabala na vali na umalizie kwenye vali. Liva usiisukume ndani kupita inavyohitajika. Tyubu nyingi mpya hutobolewa na liva katika sentimita kumi za mwisho, wakati mtu amechoka na anatumia nguvu.

Mbali na hayo, chukua plagi na spana yake, fyuzi, kiungo cha kuungia cheni pamoja na klipu yake, mkono wa klachi, mkono wa breki, na gundi ngumu ya kuziba ufa wa injini. Kebo mpya ya klachi ifunge kabisa sambamba na ile inayotumika; ya zamani ikikatika unahamisha ncha mbili tu.

Milimani usipange siku kwa kilomita, panga kwa saa. Wastani wa kilomita 40 kwa saa kwenye kona nyingi si mwendo wa mzembe. Vuka kilele kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mawingu ya radi hupenda kujikusanya mchana. Mafuta hesabu hivi: tenki la lita 12 linalokwenda kilomita 30 kwa lita linakupa kilomita 360, lakini panga kama una 270, kwani mzigo na mpando hula zilizobaki.

Hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Kwenye Trail Ridge Road ya Marekani, inayofika mita 3,713, karibu theluthi ya nguvu imekwenda. Pikipiki ya kabureta huongeza tatizo la pili, yaani petroli inazidi hewa: moshi mweusi, plagi nyeusi, injini inakohoa. Dawa ni jeti ndogo zaidi, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Kuondoa filta ya hewa si dawa, kwani vumbi litakula silinda.

Mteremko mrefu ushuke kwa gia ambayo ungeupandia, au moja chini yake. Wapo wanaoweka nyutro ili kuokoa mafuta, na huo ni uchumi wa hasara: breki hubeba kazi yote, na injini nyingi za sindano, yaani zinazopuliziwa petroli bila kabureta, hukata petroli zenyewe ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia. Breki zisiburuzwe, zibane kwa nguvu kabla ya kona, kisha ziachie zipoe. Mkono wa breki ukiwa laini na kufika karibu na mshikio, mafuta ya breki yamechemka. Ukiwa mgumu lakini pikipiki haishiki na unasikia harufu ya kuungua, padi zimezidiwa na joto. Vyovyote vile simama ungoje, wala usimwage maji kwenye diski ya moto, itapinda. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na kuchemka mapema zaidi, hivyo badilisha kila miaka miwili.

Mwili nao una mipaka. Kuanzia mita 2,500 kichwa kinaweza kuuma, kichefuchefu kikaja na uamuzi ukadhoofika. Juu ya mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku kwenye mahali pa kulala. Dalili zikizidi, shuka mara moja.

Kuhusu hifadhi, uliza kabla ya kuchora njia: je, pikipiki zinaruhusiwa? Kruger ya Afrika Kusini, kwa mfano, haiwaruhusu wageni kutembelea hifadhi kwa pikipiki. Panaporuhusiwa, epuka alfajiri na magharibi, saa ambazo wanyama wengi huvuka. Swala mmoja akikatiza, punguza mwendo na utazame alikotokea, kwa sababu mara nyingi wa pili yuko nyuma. Ukikuta tembo barabarani, simama mbali, injini ikiwaka, bila honi, na usipite kati ya mama na mtoto. Hifadhi ya Yellowstone ya Marekani hutaka mita 91 kati yako na dubu au mbwa mwitu, na mita 23 kwa wanyama wengine wengi. Chakula kisilale hemani.

Mwachie mtu mmoja ramani ya njia yako na saa maalumu ambayo, asipokusikia, ataita msaada. Ukichelewa kwa sababu ya kawaida, mjulishe kabla saa hiyo haijafika. Kusikokuwa na mtandao, beba kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na kikae mwilini mwako pamoja na vitambulisho na dawa, kwa maana pikipiki ikiporomoka bondeni itashuka na mikoba yake yote.