Namna ya Kuwadai Viongozi Hesabu Ukiwa Umekwisha Kuwakatia Tamaa

Katika vijiwe vya kahawa vya Mbuyuni na Kiboriloni, mjini Moshi, mazungumzo ya siasa siku hizi hayachukui muda mrefu. Mmoja hulalamikia bei, mwingine hutaja barabara, wa tatu husema, "Wale ni wale wale, kaka, wanapokezana viti tu," na hapo mjadala hufungwa, watu wakarudi kwenye habari za mpira. Siwashangai. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 uligubikwa na malalamiko ya wagombea kuenguliwa, na Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliandamana na ghasia, vifo na kuzimwa kwa intaneti, kiasi kwamba wapo majirani zangu hapa mlimani ambao hawataki hata kulisikia neno kura. Mwongozo huu nimewaandikia hao. Simwombi mtu akipende chama chochote, wala simwambii asahau yaliyotokea. Ninachotaka kueleza ni jinsi mkazi wa kawaida wa kijiji anavyoweza kumdai kiongozi wake hesabu kwa kutumia sheria zilizopo, kuanzia mkutano ujao.

Kabla ya yote, chukua karatasi uandike ni nini hasa kilichokukatisha tamaa, jambo moja moja, kisha mbele ya kila jambo uandike ni nani mwenye dhamana nalo. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini mimi lilinifedhehesha, kwa sababu niligundua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikimlaumu mwenyekiti wa kijiji kwa mambo yasiyo yake, huku yale yaliyo yake nikiyaachia yapite. Barabara ya vijijini na ya mitaani iko chini ya TARURA, barabara kuu na ya mkoa iko chini ya TANROADS, maji ya vijijini ni ya RUWASA, zahanati na shule ya msingi ni za halmashauri ya wilaya. Michango ya wananchi, ardhi ya kijiji, ushuru mdogo mdogo na miradi ya kujitolea ndiyo mambo ya serikali ya kijiji. Yapo pia mambo ambayo hakuna mkutano wa kijiji utakaoyamaliza, kama vile Katiba, tume ya uchaguzi na haki ya waliouawa. Hayo yaache kwenye karatasi yako bila kuyafuta. Mtu akikwambia kwamba ukishughulika na mabati ya zahanati basi hupaswi kuuliza habari za nchi, huyo anakuchezea.

Hatua inayofuata ni kulifahamu jukwaa ulilo nalo. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha umri wa miaka 18, hauna kadi ya chama mlangoni, na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Sheria hiyo inautaja kuwa ndio mamlaka ya juu kabisa katika mambo yote ya sera ya kijiji, na kwamba ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji na unaoweza kumwondoa mjumbe wake mmoja au wote. Wengi hudhani kwamba mwenyekiti ni mkubwa wa kijiji na wananchi ni wageni wake waalikwa, jambo ambalo ni kinyume kabisa. Mtendaji wa kijiji, kwa upande wake, ni mwajiriwa, humchagui wala humwondoi kwa kura, lakini ndiye anayetunza daftari, kwa hiyo maswali mengi ya fedha yanamhusu yeye kuliko mwenyekiti. Wanaokaa mjini, Pasua au Njoro kwa mfano, wana mkutano wa mtaa, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa, na mengi ninayoyaeleza yanawafaa pia.

Sasa tufike penye kiini, yaani taarifa ya mapato na matumizi. Kila robo mwaka taarifa hii inapaswa kusomwa mbele ya mkutano mkuu, na kwa uzoefu wangu husomwa mwishoni kabisa, jua likiwa limekwisha kuwa kali, akina mama wakiwa wamekwisha kuinuka kwenda kuwakatia ng'ombe majani, tena kwa kasi ya mtu anayesoma majina ya wafiwa asiowajua. Kitu cha kwanza cha kudai, basi, ni kwamba isomwe mwanzo, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku kadhaa kabla ya mkutano. Ombi hilo peke yake, likitolewa na watu watano tofauti kwa adabu, hubadilisha hali ya hewa.

Inaposomwa, usihangaike na jumla kuu. Anza na bakaa. Kiasi kilichobaki robo iliyopita lazima kiwe ndicho kinachofungua robo hii, na tofauti ya hata shilingi elfu moja inahitaji maelezo, kwa hiyo andika bakaa ya kila mkutano katika daftari lako mwenyewe. Kisha tazama mapato, ukiuliza kila aina ya fedha ilikusanywa na nani na kwa stakabadhi zenye namba gani hadi gani, kwa kuwa kitabu cha stakabadhi kisichotajwa ndicho pesa inakopenyea. Baada ya hapo nenda kwenye matumizi, na hapo macho yako yatafute maneno mawili: "mengineyo" na "dharura." Maneno hayo si kosa, ila yakibeba fedha nyingi kuliko vipengele vyenye majina, omba yafumuliwe. Mwisho uliza taarifa ya benki inasemaje. Daftari la mtendaji na karatasi ya benki ni ndugu wawili wanaopaswa kufanana sura.

Nitatoa mfano wa kwetu. Kila kaya ilichanga shilingi 20,000 kwa ajili ya kuezeka nyumba ya mganga wa zahanati. Taarifa iliposomwa, ilikuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "vifaa vya ujenzi na mengineyo." Jirani yangu mmoja, fundi, akasimama akasema, "Ndugu mwenyekiti, naomba ufafanuzi, mabati ni mangapi na misumari ni kilo ngapi." Hakupaza sauti wala hakumtuhumu mtu. Ilibidi hati ya malipo iletwe, nayo ikaonyesha mabati 60, ilhali juu ya paa tulihesabu 48 sote tukiwa tumesimama pale chini na watoto wakitusaidia kwa vidole. Jibu tulilopewa lilikuwa kwamba mabati 12 "yameazimwa." Nani aliyeyaazima na kwa kikao kipi, hatukuambiwa siku ile.

Kinachonishangaza ni kwamba watu hawa hawa, yaani sisi, ni wakali mno wa fedha mahali pengine. Katika VICOBA, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, mweka hazina akikosea shilingi elfu tano kikao hakifungwi, na katika michango ya misiba ya ukoo daftari husomwa jina kwa jina hadi yule aliyetoa mkungu mmoja wa ndizi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema, na tunaijua methali hiyo vizuri sana hadi pale fedha inapoitwa ya serikali. Hapo ghafla tunaona haya kuuliza, kana kwamba fedha ile ilitoka Dodoma na si kwenye debe la kahawa lako mwenyewe. Ukiweza kupeleka mkutanoni tabia ile ile uliyo nayo kwenye VICOBA, huhitaji semina yoyote.

Usiende peke yako. Mtu mmoja anayeuliza huitwa mchochezi, lakini kumi wanaouliza swali moja kwa zamu huitwa wananchi. Kutaneni siku mbili kabla, mgawane maswali, na mmoja wenu apewe kazi ya kuandika majibu tu. Msimtukane mtu, na msitaje wizi kabla ya kuuona, kwa sababu neno hilo humpa kiongozi nafasi ya kukasirika badala ya kujibu. Jihadharini pia na simu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, kwa hiyo kama ni lazima mtume kitu kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, tumeni picha ya taarifa iliyobandikwa ubaoni bila tuhuma juu yake.

Ikiwa mkutano hauitishwi, au taarifa haisomwi, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na inaipa mamlaka hiyo muda usiozidi siku 30 kujibu. Barua iwe fupi, itaje sheria hiyo, itaje taarifa unayoiomba na kipindi chake, kwa mfano mapato na matumizi ya Julai hadi Septemba. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Muhuri huo ndio unaoifanya barua yako isipotee. Siku 30 zikipita, panda kwa mtendaji wa kata na diwani, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, kila mara ukiambatisha nakala ya ile ya chini. Kama ushahidi unaonyesha rushwa au fedha kuliwa, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113 na kuipiga ni bure.

Juu ya kijiji kuna halmashauri, na huko kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani kwa sababu mtu mwingine amekwisha kukagua. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni kila mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili, na inapatikana kwenye tovuti ya ofisi hiyo, ikiwa na juzuu la serikali za mitaa. Tafuta jina la halmashauri yako tu, usijaribu kuisoma yote. Usidanganyike na neno "hati safi," kwani maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kama viwango vinavyotaka, na si kwamba hakuna shilingi iliyoliwa. Angalia pia asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo halmashauri inatakiwa kuitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kisha ikarejeshwa, na swali la kumuuliza diwani ni vikundi gani vya kata yako vimepata. Vikao vya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi. Nenda ukakae nyuma, hata mara moja kwa mwaka. Diwani husema vingine akiona sura anayoijua.

Kuhusu kuchagua kiongozi bora, nitasema machache. Mwenyekiti wa kijiji hupatikana kila baada ya miaka mitano, anatakiwa awe na umri wa angalau miaka 21, na kwa kuwa sheria zetu hazina mgombea binafsi, lazima adhaminiwe na chama. Maana yake ni kwamba anayesusa vyama vyote anawaachia wachache wenye kadi kazi ya kumchagulia, na mahali ambapo mgombea hana mpinzani, kura ya kweli ilipigwa wiki kadhaa kabla, ndani ya chama. Silipendi jambo hilo, ila ndivyo lilivyo. Kipimo changu cha mgombea ni cha zamani: namtazama alivyosimamia zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, wakati wa kiangazi, kama alikipendelea kihamba chake, yaani shamba lake la migomba, au la. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa za kampuni na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991, na sidhani yatarudi, lakini hakuna anayekuzuia kumuuliza mgombea mbele ya watu anaishi kwa kipato gani.

Kwa wanaosema watu wa huku hawawezi kumbana mkubwa, yapo mambo mawili ya kukumbuka. Wachagga walimpata Mangi Mkuu, yaani mtawala wa Wachagga wote, kwa kura mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1960 wakapiga kura wao wenyewe kuachana na cheo hicho. Wameru, walipofukuzwa na serikali ya kikoloni kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile, na sitaki kuipamba, lakini walioichangia walijua nani alitumwa, kwa fedha ya nani, na alirudi na jibu gani.

Katika mkutano wa robo iliyofuata kijijini kwetu, taarifa ya fedha ilisomwa kabla ya jambo lolote, na mtendaji alitaja bakaa bila kuulizwa. Mabati saba yalikuwa yamerudishwa, yakiwa yameegemezwa ukutani mwa ofisi, mawili kati yake yakiwa na matundu ya misumari. Matano bado. Fundi amekwisha kuliandika swali lake kwa ajili ya mkutano ujao.