Kabla hujajenga mlimani juu ya ziwa

Kiwanja cha mteremkoni kinachotazama ziwa hakikai sokoni. Mnunuzi anafika, anaangalia maji chini, analipia. Wewe angalia juu kwanza. Milima yetu hapa Mwanza ni mawe, na jiwe halinywi maji: mvua yote inayopiga mwambani inateremka hadi kwenye kiwanja chako, kwenye udongo wa kichanga unaobebeka upesi. Kwa hiyo nenda siku mvua inanyesha, vaa buti, fuata maji yanakotoka na yanakoishia. Usimtume dalali.

Pima mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni Sheria ya Mazingira ya 2004, na usimsikilize anayekuambia mbona wengine wamejenga. Ziwa lilipanda 2020, likapanda tena 2024.

Usifyeke kiwanja chote kwa mpigo. Usiruhusu fundi apasue kokoto kwenye jiwe dogo lililokaa chini ya jiwe kubwa.

Gata na simtanki viwepo kabla hujahamia. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Zikidondokea mahali pamoja zinachimba hadi msingi.

Sasa ukuta wa kuzuia udongo. Mimi niliujenga upande wa chini wa nyumba, mawe na saruji, kimo cha mtu na zaidi, nikajaza kifusi nyuma yake nipate uwanja wa kuanikia nguo. Fundi aliniuliza kama aache matundu. Nikamwambia azibe, sitaki maji machafu yachuruzike ukutani. Vuli ya kwanza ikapita salama. Ya pili ukaonekana ufa wa kuingia kidole, na katikati ukuta umetoa tumbo. Nikaupiga plasta. Usiku mmoja wa Desemba, mvua imenyesha tangu magharibi, ukaenda wote. Tope na mawe yakaangukia jiko la jirani yangu wa chini. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka humo. Sufuria ya maharage tuliikuta imebonyea chini ya jiwe. Nilimpa pole, akaniambia, "Nimeshapoa, mwanangu, lakini maji yalikuwa yanalia humo ukutani wiki nzima." Yeye aliyasikia. Mimi niliyelala juu yake sikusikia kitu.

Udongo uliolowa ni mzito, na maji yakikosa pa kutokea yanausukuma ukuta mchana na usiku. Safari hii nimeweka bomba za inchi 2 kila baada ya mita moja na nusu, zimeinamia nje, nyuma yake kokoto kutoka chini hadi karibu na juu, ndipo udongo. Na si ukuta mmoja mrefu tena, ni ngazi mbili fupi. Juu ya nyumba kuna mtaro unaokinga maji ya mwambani na kuyapeleka kwenye mfereji uliojengewa mawe, si uani kwa mtu. Kwenye ngazi nimepanda vetiva, nyasi ya kushika udongo, shina kila sentimita 15, mwanzoni mwa mvua ili ishike. Mstari wake ukate mteremko kwa usawa. Fremu ya miti yenye umbo la A, uzi na jiwe vinatosha kupimia.

Shimo la maji ya choo lisikae nyuma ya ukuta. Matundu yazibue kila kabla ya vuli, maana mizizi na tope huyajaza. Ufa ukiuona, usiupige plasta, ita mtu auangalie. Na jirani wa chini mpitie msimu wa mvua, umuulize anasikia nini.