Namna ya kunakili mfano uliofanikiwa kwa ajili ya kundi mahususi

Mwongozo huu ni wa shirika ambalo tayari lina kitu kimoja kinachokwenda vizuri, kiwe mafunzo, huduma, kikundi cha kusaidiana au mashindano, na sasa linataka kukipeleka kwa watu wenye hitaji lao la pekee. Ikiwa mradi mama, yaani ule mlio nao sasa, bado unakwama mwanzilishi anapokosekana wiki moja, msianze. Tawi, yaani nakala ya kundi jipya, halitapata mtu mwingine kama yeye.

Hatua ya 1: Tenganisheni kiini na vinavyobadilika

Orodhesheni kila mnachofanya, kila jambo kwenye mstari wake: siku na saa, bei, lugha, nani anafungua, nani anajibu maswali, nani anakataliwa na kwa nini. Mistari 30 hadi 50 inatosha. Kwa kila mstari jiulizeni: tukiliondoa jambo hili kwa miezi miwili, watu wataacha kuja? Jibu likiwa ndiyo, hicho ni kiini. Viini vikizidi saba hivi, rudieni zoezi, kwa sababu mazoea yenu yamejichanganya humo.

Mfano bora wa kazi hii ni vikundi vilivyotokana na Alcoholics Anonymous, ushirika wa kusaidiana wa watu wanaotaka kuacha ulevi, ulioanza Marekani mwaka 1935 na unaofuata hatua 12. Al-Anon, ya mwaka 1951, ni ya jamaa za walevi. Ilizichukua hatua zote 12, ila katika hatua ya mwisho ujumbe hupelekwa kwa "wengine" badala ya kwa walevi. Narcotics Anonymous, ya mwaka 1953, ni ya waraibu wa dawa za kulevya, nayo iligusa mahali pazito zaidi: katika hatua ya kwanza mtu hakiri kushindwa na pombe, bali na uraibu wenyewe. Kwa badiliko hilo hakuna haja ya kikundi tofauti kwa kila aina ya dawa za kulevya. Maneno yaliyobadilishwa ni machache mno, lakini ni yale ambayo mgeni huyatazama ili ajue kama hapa ni pake. Hapo ndipo pa kubadilisha. Kwingine acheni palivyo.

Hatua ya 2: Chagueni kundi lililopo, si la kubuni

"Vijana" si kundi. "Wauguzi wa zamu ya usiku" ni kundi: wana jina wanalojiita, wana mahali wanapokutana tayari, na mnaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini mradi mama unawaacha nje. Chimbeni katika daftari la mahudhurio. Tafuteni waliokuja mara moja wakapotea, ongeeni na 15 au 20 kati yao. Wakitaja kikwazo kilekile, mmepata kundi. Kila mmoja akitaja lake, mna tatizo la huduma katika mradi mama, na tawi halitalitibu.

Hatua ya 3: Pokeeni ahadi kabla ya kufungua

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoua matawi mengi. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu, ilifunguliwa mwaka 2008 kwa waandishi wa programu. Mwaka 2009 zikafuata Server Fault kwa wasimamizi wa seva na Super User kwa watumiaji wa kompyuta, nazo zikashika. Kisha mtambo uleule ukakodishwa kwa yeyote aliyetaka tovuti yake, na nyingi zikabaki bila watu. Mwaka 2010 utaratibu ukageuzwa kupitia Area 51, tovuti ya kupendekeza tovuti mpya: mada ilipendekezwa, wahusika waliandika maswali ya mfano, watu walijiandikisha kuahidi kushiriki, na hapo tu majaribio yalianza.

Kwa mradi mdogo, takeni ahadi 30 zenye majina, na watu watatu wa kundi lenyewe watakaobeba majukumu. Kusema "wazo zuri" si ahadi. Ahadi ina tarehe na kazi ya kufanya.

Hatua ya 4: Andikeni mwongozo wa tawi

Usizidi kurasa 10. Sehemu ya kwanza ni yasiyoguswa, ya pili ni yaliyo huru, ya tatu ni nani wa kupigiwa mambo yakiharibika. Tazameni TEDx, mikutano ya hotuba ambayo watu wa mahali popote huiandaa kwa leseni ya shirika la TED, iliyoanza mwaka 2009: leseni haina malipo, lakini hotuba haivuki dakika 18 na mwandaaji haruhusiwi kujipatia faida. Mpeni mwongozo mtu asiyewahi kufanya kazi nanyi, aendeshe kipindi kimoja akiufuata, nanyi mkae kimya. Kila swali analouliza ni aya inayokosekana.

Hatua ya 5: Fungueni matawi mawili kwa wiki 12

Tawi moja likifaulu, hamtajua kama ni mfano au ni kiongozi wake. Fungueni mawili yenye mazingira tofauti. Msipime waliokuja siku ya uzinduzi. Hesabuni waliorudi mara ya nne bila kukumbushwa.

Chungeni pia tawi lisile mradi mama. Mbio za parkrun zilianza London mwaka 2004 na wakimbiaji 13, kilomita 5 bila kiingilio. Zile za watoto wa miaka 4 hadi 14 ni kilomita 2 na hufanyika Jumapili, wakati za wakubwa ni Jumamosi. Familia na wanaojitolea hawalazimiki kuchagua.

Hatua ya 6: Wekeni sharti la kufunga mapema

Liandikwe kabla ya uzinduzi, kwa mfano: chini ya watu 10 wanaorudi ifikapo wiki ya 12, tunafunga. Bila hilo, tawi dhaifu huendelea kula saa za watu wenu bora. Likifungwa, waandikieni washiriki wote ndani ya wiki moja, waelezwe sababu na waelekezwe pa kwenda. Orodha ya majina yao isihamishiwe mradi mwingine bila ridhaa yao.