Somo: Kuwasha regyuleta ya kuswichi taratibu kwa pini ya SS (soft-start, yaani kuanza taratibu)

Regyuleta ya kushusha volti inapowashwa, kapasita za upande wa kutoa ni tupu. Amplifaya ya kulinganisha inaona 0 V kwenye pini ya FB (feedback, inayoleta kipimo cha volti za kutoa) ilhali rejea yake, yaani volti ya kulinganishia, ni, tuseme, 0.8 V. Basi inaiacha swichi imewashwa kwa muda wote inaoruhusiwa, na mkondo wa koili unapaa hadi kwenye ukomo wa mkondo wa chipu. Hapo kiini cha koili kinaweza kushiba (kushindwa kubeba sumaku zaidi), volti za pawasaplai zikazama, na volti za kutoa zikapitiliza kabla hazijatulia.

Kujaza 470 µF hadi 5 V ndani ya 0.2 ms kunataka 11.75 A. Ukiipa 5 ms, inatosha 0.47 A.

Kazi ya pini ya SS ni kununua muda huo. Ndani ya chipu kuna chanzo cha mkondo mdogo usiobadilika, na hicho ndicho kinachojaza kapasita uliyoiweka kati ya SS na graundi. Amplifaya hufuata volti iliyo ndogo kati ya SS na rejea, kwa hiyo volti za kutoa hupanda sambamba na kapasita hiyo.

1. Soma datashiti upate mkondo wa SS na volti ya rejea. Usikisie, chipu hutofautiana sana. Hapa nachukua 2 µA na 0.8 V.

2. Tafuta mkondo wa akiba. Tuseme ukomo wa chipu ni 3.5 A; huo ni wa kilele. Koili ikiwa na mawimbi ya 1 A toka chini hadi juu, wastani unaopatikana ni 3 A. Mzigo ukila 2 A tangu mwanzo, imebaki 1 A. Tumia nusu yake tu.

3. Muda = 470 µF × 5 V ÷ 0.5 A = 4.7 ms.

4. Kapasita ya SS = 2 µA × 4.7 ms ÷ 0.8 V = 11.75 nF. Weka 12 nF.

5. Iwe ya seramiki, ya aina ya X7R, karibu na pini. Ya elektroliti usiiweke kabisa: uvujaji wake unaweza kulingana na hizo 2 µA, na volti ya SS isifike juu. Safisha pia flaksi (mabaki ya kulehemu) kuzunguka pini, nayo isivujishe mkondo.

6. Pima volti za kutoa kwa oskiloskopu, mzigo wote ukiwepo. Usiguse SS kwa probu ya ×1. Ukinzani wake wa 1 MΩ huiba 0.8 µA pini inapokaribia 0.8 V, na utakachoona si mwendo halisi.

MASWALI

Mkuu, nimeweka 12 nF lakini inawaka na kuzima bila kukoma. Upande wa kutoa nina 4700 µF.
— Kapasita hizo peke yake zinadai karibu 4.9 A, chipu inagonga ukomo na kushikwa na kwikwi, yaani inajizima na kujaribu tena na tena. Kwa 0.5 A unahitaji 47 ms, yaani 120 nF.

Nikizima na kuwasha haraka, inaanza kwa kishindo.
— Kapasita ya SS haijaisha chaji. Chipu nyingi huimwaga zenyewe. Kama yako haifanyi hivyo, weka MOSFET ndogo ya N kati ya SS na graundi, iwashwe EN (enable, pini ya kuwashia chipu) inapokuwa chini. Dayodi haifai, maana hubakiza kama 0.6 V, na kwa rejea ya 0.8 V hiyo ni robo tatu ya safari.

Chipu yangu haina SS. Nicheleweshe EN kwa rezista na kapasita?
— Hiyo inaahirisha kishindo tu. Angalia kama ina muda wa ndani usiobadilika, halafu punguza kapasita za kutoa ziendane nao.

Mbona cheche zinatoka nikichomeka plagi, na SS ipo?
— Zinatokana na kapasita za upande wa kuingiza, ambazo hujazwa moja kwa moja kabla chipu haijaanza kazi. SS haizigusi. Hapo weka NTC (rezista ambayo ukinzani wake hupungua ikipata joto), au MOSFET inayowaka taratibu kwenye njia ya kuingiza.