Usaidizi katika kliniki ya meno kabla ya kuomba masomo ya udaktari wa meno: mwongozo kwa vijana wa Lubumbashi

Kijana wa Lubumbashi aliyefaulu Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari na anayetamani kuwa daktari wa meno anaweza kupeleka maombi chuoni mara moja, au kufanya kazi kwanza kama msaidizi katika kliniki ya meno na kuomba baadaye. Mwongozo huu unahusu njia ya pili. Ieleweke mapema kwamba kazi hiyo haimpi mtu nafasi chuoni, kwa sababu chuo kitatazama asilimia za diploma yake na, palipo na mtihani wa kuingia, alama za mtihani huo. Faida yake ni kwamba utajua, kabla ya familia haijatumia fedha za miaka mingi ya masomo, kama kweli unaweza kushinda siku nzima umeinamia vinywa vyenye usaha na damu, ukabaki mpole kwa mgonjwa wa mwisho kama ulivyokuwa kwa yule wa kwanza.

Amua kwanza unakotaka kusoma, maana uamuzi huo ndio utakaokuonyesha namna ya kutumia jioni zako. Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kitivo cha udaktari wa meno, na masomo yake ni kwa Kifaransa. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Copperbelt hufundisha fani hii mjini Ndola, Zambia, karibu na kwetu kuliko Kinshasa. Makerere ya Kampala na Muhimbili ya Dar es Salaam nazo huifundisha, kwa miaka 5. Huko kote utasoma kwa Kiingereza, hata Dar es Salaam ambako mitaani utaongea Kiswahili kutwa nzima. Mwenye kulenga Ndola aanze masomo ya Kiingereza jioni ileile anapoanza kazi, asingoje barua ya kukubaliwa. Vilevile asiache vitabu vya kemia na biolojia, kwa kuwa mshahara wa kwanza una tabia ya kumsahaulisha mtu kilichompeleka kazini.

Kazi yenyewe hutafutwa kwa miguu. Hospitali kubwa kwa kawaida hupendelea wauguzi waliosomea, kwa hiyo anza na kliniki binafsi za mjini kati, Kampemba au Kamalondo; nenda asubuhi kabla wagonjwa hawajajaa, ukiwa na nakala ya diploma, na uombe kuonana na daktari mwenyewe. Naye pia umwulize maswali, kwa heshima: je, kuna daktari mwenye shahada anayekuwapo kila siku, na vyombo husafishwa kwa njia gani? Ukionyeshwa sufuria juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, shukuru na uende zako. Kuchemsha hakuui vijimbegu sugu vya bakteria, na hapa Lubumbashi, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 tu, hayafiki hata 100.

Ukikubaliwa, jambo la kwanza ni chanjo ya homa ya ini aina B. Hutolewa kwa dozi 3: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi 6 baada ya hiyo ya kwanza, kwa hiyo anayesubiri mpaka azoee kazi amechelewa. Ukichomwa na sindano iliyokwisha kutumika, osha jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, mwambie daktari papo hapo, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa haraka iwezekanavyo, na kamwe zisipite saa 72. Usiifiche ajali hiyo kwa kuogopa kufukuzwa.

Vijana wengi huona kwamba kazi ya kweli iko kwenye kiti cha mgonjwa, na kwamba chumba cha kuoshea vyombo ni adhabu ya mgeni. Mimi naona kinyume, kwa maana hapo ndipo utakapojua kila chombo kwa jina na kwa kazi yake, na ndipo utakapojifunza uaminifu usioonwa na mtu. Vyombo hulowekwa kabla damu haijakauka, vikasuguliwa kwa brashi chini ya maji huku umevaa glavu nene, vikasuuzwa, vikakaushwa, vikafungwa katika mifuko yake, na ndipo vikaingia katika otoklavu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Mvuke wenye shinikizo hufanya kazi kwa dakika 15 au zaidi kwenye nyuzijoto 121, au dakika 3 hadi 4 kwenye nyuzijoto 134, na vyombo vilivyofungwa huhitaji muda mrefu zaidi ikiwa mashine haina pampu ya kuondoa hewa. Dakika hizo huhesabiwa tangu joto lilipofikiwa, si tangu ulipobonyeza kitufe. Umeme wa SNEL ukikatika katikati, mzunguko wote huanza upya, hata kama zilibaki sekunde chache na ukumbini kuna foleni ya watu wenye maumivu. Daktari mwenye haraka anaweza kukukazia macho. Mjibu kwa adabu kwamba vyombo havijawa tayari.

Kwenye kiti, msaidizi huketi upande ulio mkabala na daktari, juu kidogo kuliko yeye, ili aone ndani ya kinywa bila kumziba. Mkono mmoja hushika bomba la kunyonya mate, mwingine hupokea chombo kilichotumika na kutoa kinachofuata. Jifunze hesabu ya meno mapema: tarakimu ya kwanza hutaja robo ya kinywa, ya pili hutaja nafasi ya jino kutoka katikati, kwa hiyo 46 ni gego la kwanza la chini kulia, na 85 ni gego la pili la utotoni upande huohuo. Utachanganya pia saruji ya ionoma ya glasi, aina ya dawa ya kuzibia meno, ambayo lazima iingie katika tundu la jino ikiwa bado inang'aa, kwani ikififia haishikamani tena vizuri. Katika joto la Oktoba hufifia upesi, basi poza kwanza kibao cha kuchanganyia. Wakati wa kupiga picha ya eksirei, simama umbali wa mita 2 au nyuma ya ukuta, wala usikubali kumshikia mgonjwa filamu kwa kidole chako.

Kuna kazi nyingine ambayo haimo katika mkataba. Daktari atamweleza mgonjwa kwa Kifaransa, mama aliyetoka Katuba ataitika kwa kichwa, kisha mlangoni atakuuliza wewe kwa sauti ya chini: «Yaya, wamesema wataling'oa ao wataliziba?» Mweleze kwa Kiswahili chake yale daktari aliyoyasema, bila kuongeza ahadi wala bei. Ukiona amevimba chini ya kidevu, anashindwa kumeza au kupumua, usimrudishe kwenye foleni. Mwite daktari sasa hivi, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Siku itafika daktari hayupo, na mtu atakuja na fedha mkononi akikusihi umng'olee jino, kwa kuwa amekuona ukisaidia mara nyingi. Kataa. Kuchoma ganzi na kung'oa si kazi ya msaidizi, hata kama mwajiri mwenyewe anakuruhusu kwa simu. Damu isipokata hapo, utakuwa peke yako na mgonjwa wa mtu mwingine.

Andika kila wiki, katika daftari lako, kazi ulizofanya na maswali uliyoshindwa kujibu, lakini majina ya wagonjwa yasionekane humo. Daftari hilo litakusaidia kuandika barua ya maombi yenye mambo ya hakika badala ya maneno matupu ya kupenda kusaidia jamii. Kabla hujaondoka, na ukiwa bado mnapatana vizuri, mwombe daktari cheti cha kazi kinachotaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi ulizozifanya na saa zako kwa wiki, chenye saini na muhuri wa kliniki. Omba nakala asili mbili, kwa sababu ofisi ya kwanza utakayoipelekea haitakurudishia yake.