Nyongo na asidi amino: kupima bila kudanganywa na glisini

Ini hufunga asidi za nyongo kwa glisini au taurini kabla ya kuzimwaga kwenye utumbo mwembamba. Bakteria wengi wa utumbo wana kimeng'enya cha kukata kifungo hicho. Kwa hiyo, ukikuza bakteria maabara na kuona glisini imepanda baada ya kuweka nyongo, usiandike bado kwamba bakteria wameanza kuitengeneza kwa wingi. Huenda imetoka kwenye nyongo yenyewe.

Anza na Lactiplantibacillus plantarum: anakata kifungo vizuri na hahitaji chumba kisicho na oksijeni. Tumia midia (chakula cha kukuzia bakteria) ambayo kila asidi amino na kiasi chake vinajulikana. MRS, midia ya kawaida ya bakteria wa aina hii, haifai hapa, kwa sababu peptoni na hamira yake vimejaa asidi amino.

Tengeneza akiba (miyeyusho mikali ya kuchotea) tatu za milimola 100 kwa lita, kila moja ml 10 za maji: glikokoleti ya sodiamu (asidi ya nyongo iliyofungwa kwa glisini) g 0.488, koleti ya sodiamu (asidi hiyo bila glisini) g 0.431, glisini g 0.075. Chupa ikiandikwa kuwa chumvi ina maji ndani yake, piga hesabu upya kwa uzito huo. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22.

Ml 0.1 ya akiba ndani ya ml 10 za mwisho hukupa milimola 1 kwa lita. Andaa mirija mitatu kwa kila kundi: bila nyongo, glikokoleti, koleti, koleti pamoja na glisini, glisini peke yake, na glikokoleti bila bakteria. Kundi la koleti pamoja na glisini ndilo linaloamua. Likifanana na la glikokoleti, ulichokiona kinaelezwa na vipande viwili vya glikokoleti vilivyoachana, yaani koleti na glisini.

Panda bakteria kwa OD600 (wingi wa seli unaosomwa na mashine kwa ukungu wa midia) ya 0.05, nyuzi 37. Hapa ndipo wengi huharibikiwa: bakteria huyu hutoa asidi ya laktiki, pH ikishuka kuelekea 5 asidi ya koliki (koleti iliyoachiwa) huganda kuwa mashapo meupe, na mashine huyasoma kama bakteria. Weka bafa (kemikali ya kuzuia pH isibadilike) ya kutosha, pima pH kila unapochukua sampuli, na hesabu makoloni kwenye sahani.

Nyongo pia hupunguza kasi ya kukua, basi linganisha mirija ikiwa na idadi sawa ya bakteria. Saa sawa pekee hazitoshi. Tena nyongo hutoboa utando wa seli, na asidi amino za ndani huvuja. Pima mwanga wa nanomita 260 unaofyonzwa na maji ya juu yanayobaki baada ya kuzungusha sampuli: ukipanda kuliko kundi lisilo na nyongo, seli zinapasuka.

Zungusha sampuli kwa nguvu ya mara 10,000 ya mvutano wa dunia (10,000 × g), dakika 5, nyuzi 4, chuja, kisha gandisha kwa nyuzi −80. Ukipima kwa HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali) na OPA (kemikali inayofanya asidi amino zionekane), ongeza norvalini, asidi amino ya kulinganishia, kama kipimo cha ndani. Kumbuka OPA peke yake haioni asidi amino ya prolini. Kwa hiyo tumia pia FMOC, kemikali nyingine ya kazi hiyo.