Bustani ya Nyuma ya Nyumba: Mwaka Unaanza Julai

Wenye bustani wengi wa Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo hushika jembe mvua za vuli zikishaanza. Hapo wamechelewa. Mchanga wa Pwani haushiki maji wala mbolea, na mboji ya kuurekebisha huchukua kama miezi 3 kuiva. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni lundo la mboji, na lundo hupangwa Julai.

Chagua eneo la mita 4 kwa 4 linalopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Pembeni yake panga lundo la mita 1 kila upande. Chini weka vijiti vikavu ili hewa ipite, juu yake majani makavu sentimita 20, kisha majani mabichi na maganda ya jikoni sentimita 10, halafu samadi sentimita 5. Nyunyizia maji, rudia tabaka hadi kimo kifike mita 1, funika kwa makuti. Chomeka fimbo hadi katikati na uichomoe kila wiki. Ikitoka na joto na unyevu, lundo linaiva. Ikitoka baridi na kavu, ongeza maji. Ikinuka kama mayai viza, maji yamezidi: geuza lundo, ongeza makavu. Hata likienda vizuri, ligeuze kila baada ya wiki 3. Nyama na kiporo usitie, utafuga panya.

Mwishoni mwa Septemba lundo litakuwa limenywea nusu, yaani kama ndoo 25 za lita 20. Zinatosha matuta 3 ya mita 4 kwa mita 1, kwa ndoo 2 kila mita ya mraba, zikichanganywa na udongo kina cha sentimita 30. Upana wa tuta usizidi mita 1, maana mkono ufike katikati bila kukanyaga tuta. Njia ziwe sentimita 40. Tuta likae chini ya njia kwa sentimita 5, maji yatulie. Mboji isipotosha, punguza tuta moja. Kufidia kwa mavi mabichi ya kuku kunaunguza mizizi.

Vuli ikianza, tuta moja matembele, moja bamia, moja mchicha. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno: changanya kipimo kimoja na mchanga mkavu vipimo 10, ndipo usie kwa mistari ya sentimita 20. Sia robo ya tuta kila wiki. Ukisia lote siku moja, baada ya wiki 4 utagawa mchicha mtaa mzima, kisha wiki zinazofuata ununue sokoni.

Januari na Februari ni kutandaza nyasi kavu sentimita 5, mbali kidogo na shina, na kufunga mfereji wa bati ukingoni mwa paa, wa kukinga maji, kabla ya masika. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 10 za mvua hutoa karibu lita 400, mapipa mawili.

Masika hugeuza kila kitu. Tuta lililozama sasa huozesha mizizi, kwa hiyo inua udongo sentimita 20 juu ya njia, upande kunde za majani. Nyanya usizilazimishe kwenye mvua hizo, ugonjwa wa bakajani utazimaliza. Zisie kitaluni mwanzoni mwa Mei, uhamishe Juni: mistari 2, sentimita 60 kati yake, sentimita 50 kati ya miche, jumla 16 kwa tuta. Ziende palipokuwa na kunde, kamwe si palipotoka bilinganya, pilipili au mnafu, maana ni ukoo mmoja na mnyauko wao ni mmoja.

Mwagilia shinani asubuhi, kwa kiasi kilekile. Tunda likianza kuoza kitako, wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Haisaidii: huo si ugonjwa wa ukungu, ni mmea kukosa madini ya kalisi (kalsiamu) kwa sababu udongo ulikauka siku 3 kisha ukafurikishwa.